Mguu wa Kushoto wa Wekoye

Wekoye hakuwa mtu wa kugongwa na gari lisilo na bima. Kwake hilo lilikuwa jambo la heshima. Kwa miaka mingi alikuwa broka wa ajali pale Kitale: alisimama karibu na lango la hospitali, akampokea aliyevunjika mkono kabla daktari hajampokea, akampeleka kwa wakili na kuchukua kitu chake kidogo pande zote mbili. Kazi hiyo ilimfundisha kwamba ajali mbaya kuliko zote si ile inayoua mtu. Ni ile ambayo stika ya bima imepitwa na tarehe.

Siku ya mkasa huu alikuwa amesimama mahali malori ya nafaka yanapogeukia, kando ya soko, akitafuna mahindi ya kuchoma. Macho yake yalikuwa kwenye lori moja la buluu ambalo sasa lilikuwa likija kila siku ya soko. Stika yake ilikuwa mpya kabisa. Na lilikuwa na tabia ya ajabu: lilirudi nyuma polepole, kwa adabu, kama mtu anayeondoka mbele ya mama mkwe.

Gari linalorudi nyuma namna hiyo linaomba mtu wa kugonga, Wekoye aliwaza. Kulinyima ni dhambi.

Akaweka hindi lake juu ya ukuta lisije likaingia mchanga, akazunguka nyuma ya lori, akalala. Gurudumu lilisimama mbali naye kiasi cha kumtosha mbuzi kupita. Wekoye hakulijali pengo hilo. Alishika goti akaanza kulia kwa sauti aliyoikusanya kutoka kwa wateja wake wote wa zamani.

Aliyeshuka kutoka kwenye lori alikuwa mwenye lori mwenyewe, Sharifo, mfanyabiashara wa nafaka kutoka Bungoma, mwenye duka na stoo karibu na msikiti. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na kofia safi. Hakubishana, hakutafuta mashahidi, wala hakuuliza mtu mzima analala vipi nyuma ya gari.

"Pole sana, ndugu yangu. Nimekuumiza."

"Umenimaliza, mzee."

"Mguu gani?"

Hapo Wekoye alikwama. Maumivu alikuwa ameyaandaa, lakini mahali pa kuyaweka hakuwa amepaamua.

"Ni huu... huu wa..."

"Wa kushoto," Sharifo alisema akiinama. "Nimeona kabisa. Gurudumu limepanda wa kushoto."

"Ndio huo."

"Usije ukasahau, ndugu yangu. Maumivu huchanganya mtu. Wa kushoto."

Halafu akampeleka kituoni kwa lori lile lile, akaandikisha taarifa kwamba kosa lilikuwa lake, akamnunulia soda. Tangu aanze kazi Wekoye hakuwa amekutana na mkosaji wa namna hiyo. "Mtu kama huyu," alimwambia Peris jioni, "huzaliwa mmoja tu kwa kila kaunti."

Peris alikuwa na saluni mtaa wa pili, na ndiye aliyekuwa sababu ya Wekoye kujiumiza mwenyewe badala ya kungoja wengine waumie kama kawaida. Alikuwa amempa sharti moja tu. "Sikatai kuolewa," alisema. "Nakataa kuolewa na mtu ambaye kazi yake haina mlango. Nikiulizwa bwana yako yuko wapi, nisiseme ati amesimama mahali."

Alikuwa amekwisha kupata chumba cha duka huko Kamukuywa, barabarani, kizuri kwa hadwea. Nusu ya mtaji angetoa yeye, nusu angeleta Wekoye. Na Wekoye, mtu wa imani, alikuwa amekwisha kumtuma mchoraji akaandika juu ya mlango kwa herufi nyekundu: WEKOYE HADWEA. Jina lilikuwapo, mlango ulikuwapo. Kilichokosekana ni misumari, mabati, saruji na fedha za kuvinunulia.

"Huo mguu unauma kweli?" Peris aliuliza.

"Utauma mpaka walipe."

Rafiki yake mmoja mwenye kliniki ya chumba kimoja alimfunga plasta kutoka gotini hadi kwenye kifundo, akamuuzia na picha ya eksirei ya mfupa uliovunjika vizuri sana, mali ya mcheza mpira fulani wa Kachibora. Kesi ikafunguliwa Bungoma. Sababu ya kisheria ilikuwa kwamba mdaiwa anaishi Bungoma. Sababu ya kweli ilikuwa kwamba watu wengi mno wa Kitale walimwona Wekoye akicheza kwenye harusi Jumamosi iliyofuata ajali.

Wakili wake aliitwa Tonny, kijana mwenye suti nyembamba na matumaini mapana. Wakili wa upande wa Sharifo alikuwa mama mmoja mtulivu, Jeruto, aliyezungumza kana kwamba kila neno limetozwa ushuru. Maombi yake ya kwanza mahakamani yalikuwa mafupi: alitaka rekodi zote za matibabu ya mdai. Si za mguu peke yake. Zote.

"Anataka kukupekua," Tonny alimwambia Wekoye ofisini. "Tunaweza kupinga. Faili ya hospitali ni siri ya mgonjwa. Ila hakimu atasema mtu akileta mwili wake kortini kudai fidia, hawezi tena kuufungia mlango. Kuna kitu humo?"

"Kwangu? Wakili, sijawahi kuugua hata mafua. Mimi hospitali huishia getini."

"Una uhakika?"

"Wacha wafungue. Wakiona mwili ulivyokuwa safi kabla ya hilo lori, si bei inapanda?"

Tonny aliona mantiki. Wekoye akatia sahihi ya ridhaa kwa madoido, akachora na mkia chini ya jina.

Hapa msimulizi analazimika kusimama kidogo, kwa masikitiko yanayostahili, aeleze kitu ambacho Wekoye alikuwa amekisahau.

Zamani, kabla hospitali hazijaanza kudai alama za vidole, matibabu yalikwenda kwa kadi ya bima ya afya na namba ya kitambulisho. Wekoye alikuwa na kadi yake, na aliilipia kila mwezi, lakini afya yake ilikuwa nzuri kiasi cha kuudhi. Kadi ilikaa bure kama shamba lisilolimwa. Wekoye hakuvumilia kuona kitu kinakaa bure, kwa hiyo akaikodisha. Mtu wa Kitale mwenye ngiri aliingia hospitali akiitwa Wekoye, akatoka akiwa mzima na kurudisha kadi. Mke wa mtu wa Kachibora alijifungua akiwa mke wa Wekoye. Bibi kizee mmoja alitolewa mtoto wa jicho akiwa mama yake. Kadi ilizunguka kutoka Kitale hadi Bungoma na kurudi, na Wekoye akala kodi. Mashine za vidole zilipokuja, biashara ikafa, naye akaisahau, kwani mwenye nyumba hakumbuki wapangaji wake walipika nini.

Masalio pekee ya biashara hiyo yalikuwa mtu mmoja wa Myanga aliyekuwa akimpigia simu mara kwa mara. Kila akipiga alisema maneno yale yale: "Naomba unirudishie mguu wangu." Wekoye aliamua kwamba ni mlevi, akaifungia namba yake.

Faili ilipotoka, Tonny alipokea nakala. Hakuisoma. Aliipima mkononi, akaona ni nzito, akafurahi.

Siku ya kusikilizwa kesi, chumba cha mahakama kilijaa kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha nje. Peris alikaa mstari wa pili. Nyuma kabisa, karibu na ukuta, alikaa Sharifo na kofia yake safi, na pembeni yake mtu ambaye Wekoye hakumjua. Wekoye alipanda kizimbani kwa magongo mawili, akapumzika njiani ili umma upate nafasi ya kuhuzunika. Akaapa. Tonny akamwongoza vizuri: lori, gurudumu, mguu wa kushoto, maisha yaliyoharibika. Kisha Jeruto akasimama.

"Bwana Wekoye, kabla ya ajali hii, mguu wako wa kushoto ulikuwa na shida yoyote?"

"Hakuna. Ulikuwa mzima kama nilivyopewa na mama."

"Uliwahi kulazwa hospitali?"

"Sijawahi."

"Faili hii ni yako? Namba ya kitambulisho ni yako?"

"Ni yangu."

"Na uliridhia mwenyewe ifunguliwe."

"Mimi sina la kuficha, mama."

Jeruto akavaa miwani. "Hapa unaonekana ulitolewa kidole tumbo, Kitale."

Wekoye alirekebisha magongo yake. "Huenda," alisema.

"Mwaka uliofuata ukatolewa kidole tumbo tena, Bungoma."

"Kilikuwa... kilikuwa kimebaki kidogo."

Watu waliokuwa wameingia kwa sababu ya mvua walianza kukaa vizuri.

"Mke wako alijifungua mapacha Kitale. Siku hiyo hiyo mke wako alijifungua msichana Bungoma."

"Mheshimiwa, swali la familia ya mdai..." Tonny alianza, huku akifungua nakala yake kwa mara ya kwanza.

"Ni wake wawili?" hakimu aliuliza. Alikuwa mzee wa uso usiocheka, jambo lililofanya wengine wacheke zaidi.

"Sina mke, mheshimiwa."

"Watoto watatu kwa siku moja, na huna mke."

Peris, kwenye mstari wa pili, alianza kuvaa koti lake taratibu, kifungo kimoja kimoja.

"Sasa twende kwenye mguu," Jeruto alisema, na sauti yake haikubadilika hata chembe. "Kwa mujibu wa ukurasa huu, wenye sahihi za madaktari wawili, uliangukiwa na gogo kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Mguu wako wa kushoto ukakatwa juu ya goti. Hiyo ni miaka kadhaa kabla ya lori la mteja wangu kuukanyaga."

Hakimu akavua miwani, akainama mbele, akaangalia plasta ya Wekoye, kisha vidole vitano vya mguu vilivyochungulia mwisho wake. Kimoja kilicheza.

"Bwana Wekoye. Hicho ni nini?"

"Ni mguu, mheshimiwa."

"Wa nani?"

"Wangu."

"Uliokatwa?"

Wekoye aliinua macho kwenye dari. "Mheshimiwa," alisema, "Mungu ni mkubwa."

"Mungu hajaorodheshwa kama shahidi," hakimu alisema. "Endelea, wakili."

"Nina swali moja tu, mheshimiwa. Bwana Wekoye, umeapa. Ikiwa mguu uliokatwa ni wako, basi hapo ulipo huna mguu wa kushoto, na huwezi kulipwa kwa kuvunjika kitu usichokuwa nacho. Ikiwa uliokatwa si wako, tuambie ni wa nani."

Tonny alikuwa amefika ukurasa wa mapacha na hakuwa na msaada wowote. Wekoye alimkumbuka mtu wa Myanga na simu zake, akapiga hesabu haraka, kama alivyozoea. Akikubali mguu ulikatwa, kesi imekufa, na plasta itapasuliwa hapo hapo ili mahakama ione kilichomo. Akisema si wake, atakuwa amekiri kukodisha kadi, lakini hilo ni la zamani, na la zamani hupoa. Kesi ingeweza kupona. Hadwea ingeweza kupona. Akachagua, kama kawaida yake, njia iliyoelekea kwenye fedha.

"Si wangu," alisema kwa nguvu. "Mguu uliokatwa ni wa mtu wa Myanga anaitwa Nyongesa. Shemeji yake alikuja kwangu akachukua kadi kwa siku chache, huyo Nyongesa akiwa amezimia. Gogo lilimwangukia yeye, mguu ni wake. Wangu ni huu. Naapa tena kama mnataka."

"Hakuna haja," Jeruto alisema. "Karani ameandika?"

"Nimeandika," karani akajibu.

"Basi sina swali lingine." Akakaa.

Nyuma kabisa kukatokea vurugu ndogo ya mbao kugonga sakafu. Yule mtu aliyekaa na Sharifo alikuwa anainuka. Alishika ukuta, akashika bega la Sharifo, akaweka gongo, akaweka la pili. Suruali yake ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa pini juu ya goti la kushoto.

"Wewe huko, kaa chini," hakimu alisema.

"Kusimama ndio hunichukua muda, mheshimiwa. Wacha nimalize, halafu nitakaa."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Nyongesa," alisema. "Nilikuwa nataka tu kusikia hayo maneno."

Hakimu akaitupilia mbali kesi ya Wekoye, akamtwika gharama zote, na kuagiza faili ipelekwe kwa mwendesha mashtaka. Askari mmoja akaanza kuja upande wa kizimba, bila haraka, kama mtu anayejua mteja wake amefungwa plasta. Koridoni, Wekoye akisubiri taratibu za kukamatwa kwake zikamilike, alimwona Sharifo akimshikia Nyongesa mwavuli.

"Mzee," Wekoye alimwita. "Wewe ulinijua?"

"Jina lako nililijua zamani," Sharifo alisema. "Huyu ndugu ananishonea magunia stoo. Alizinduka hospitali, muuguzi akamwita Wekoye. Akadhani amekufa akazaliwa upya."

"Mulamwa alinifanyia kwa uzuri," Nyongesa alisema, akimaanisha shemeji yake. "Sikulazwa kwa jina langu, lakini nililazwa. Shida ilikuja nikishtaki mwenye kiwanda. Wakili wake akasema, leteni karatasi za hospitali. Karatasi zinasema Wekoye. Nikaenda hospitali. Wakasema ati faili ya Wekoye ni siri ya Wekoye, mlete afungue. Nimesimama kortini na mguu mmoja, bana, na jamaa anasoma kwamba kwa mujibu wa rekodi nina miwili. Nikakupigia simu."

"Ulisema nikurudishie mguu."

"Si ndio nilikuwa nataka?"

Wekoye akamgeukia Sharifo. Alianza kuona stika mpya ya bima, na lori lililorudi nyuma kila siku ya soko, mahali pale pale, kwa adabu ile.

"Tuliuliza watu wanaojua sheria," Sharifo alisema kwa upole. "Faili ya mtu huwezi kuifungua. Mpaka yeye mwenyewe ashtaki kwamba ameumizwa. Sasa, mtu kama wewe unamfanyaje ashtaki? Wakasema, wewe rudisha gari nyuma tu."

"Na hukunigonga."

"Mimi? Sijawahi kugusa mtu na hilo lori, alhamdulillahi."

Nyongesa alikuwa amekwisha kuanza safari yake ya kwenda kwenye dirisha la karani, kuomba nakala ya ushahidi yenye muhuri. Alikwenda polepole. Kesi yake ilikuwa imesubiri miaka, ingeweza kusubiri koridoni kidogo.

Wekoye alikiri mashtaka, akahukumiwa kutumikia jamii. Kwa muda mrefu alifagia wodi ya mifupa, ambako wagonjwa walimwamini na kumsimulia ajali zao kwa kirefu, naye akasikiliza bila kuruhusiwa kuuliza stika ilikuwa ya kampuni gani.

Siku alipoachiwa alikwenda Kamukuywa. Alijiambia anapita tu. Herufi nyekundu zilikuwa bado juu ya mlango, WEKOYE HADWEA, na chini yake, tofauti na alivyopaacha, palikuwa na mabati yaliyoegemezwa ukutani, mapipa ya rangi, na watu wakiingia na kutoka. Akasimama nje kitambo. Lilikuwa jina lake, na biashara ilionekana inaenda.

Ndani, nyuma ya kaunta, alikuwa Peris. Kwenye kiti kirefu kando yake, mguu mmoja wa nyama na mmoja wa plastiki ukiwa na soksi mpya, alikuwa Nyongesa, akimpimia fundi waya.

"Karibu," Peris alisema, bila kubadilisha sauti.

"Hamkufuta jina," Wekoye alisema.

"Rangi ni ghali," Nyongesa alijibu. "Na ukiangalia uzuri, hilo jina ni langu pia. Nililazwa nalo. Nusu ya mtaji nililetewa na huo mguu, baada ya mwenye kiwanda kusoma maneno yako na kunilipa. Uliongea vizuri sana siku ile. Nilitaka kukushukuru, lakini ulikuwa na askari."

"Peris," Wekoye alisema. "Sasa niko na..."

"Uko na nini?"

Akafikiri. Mlango wa wodi ya mifupa haukuwa wake.

"Naomba msumari," alisema.

"Mmoja?"

"Mmoja tu."

Peris akauchukua, akaufunga kwenye kipande cha gazeti kama alivyowafungia wengine, akavuta kitabu cha risiti. Mkono wake ukasubiri juu ya karatasi.

"Jina?"

Wekoye akageukia mlango wenye jina lake kwa nje, kisha akamtazama mtu aliyekaa kando ya kaunta akikunja waya. Akafikiri kwa muda mrefu kuliko anaostahili mtu wa msumari mmoja.

"Andika tu mteja," akasema.